Tela Si Kanda la Usufi
Maneno machache kwa mwanachama atakaye kununua pikapu ya kuvutia mizigo



Kila msimu wa karafuu unapomalizika na fedha zikaingia mikononi, huja barazani kwetu wanachama wakiuliza jambo moja: "Nataka pikapu ya nguvu, ipate kunivutia tela. Ninunue ipi?" Kila mmoja hutaraji kutajiwa jina la gari, kisha aage aende zake. Sisi twaona kuwa swali hili halina jibu la neno moja, na tena kuwa jina la gari ni jambo la kuulizwa mwisho, si mwanzo. Kwa hiyo tumeona ni vema kuyaandika haya, ili mwanachama ayasome kwa nafasi yake, na asiyejua kusoma asomewe, kabla hajatoa mavuno ya miaka kadhaa kwa siku moja.

Wala tusidhani kuwa kuvuta mzigo ni elimu mpya kwetu. Wazee wetu wa Pemba wamevuta mizigo kwa gari la ng'ombe, na hata leo zipo njia za shamba zipitwazo na ng'ombe ambazo gari halithubutu. Mwenye ng'ombe anayajua mambo matatu. Anajua nguvu ya mnyama wake. Anajua kuupanga mzigo, usije ukaelemea nyuma ukainyanyua nira na kumkaba ng'ombe, wala usije ukaelemea mbele ukampigisha magoti. Na anajua kuwa penye mteremko kazi si kuvuta, kazi ni kuzuia. Aliyeyashika mambo haya matatu ameyashika karibu yote tutakayoyasema hapa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ng'ombe akielemewa utamwona kwa pumzi zake, lakini gari halihemi. Dereva aliyekaa kwenye kiti laini, injini ikinguruma, huliona tela lililo nyuma yake kuwa ni kanda la usufi. Ataongeza magunia, gari litakwenda, ataongeza tena, litakwenda, atasema, "Gari hili halishindwi." Ni kweli, kwenda halishindwi. Litakaloshindwa ni kusimama.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Hatusemi haya kwa kusikia. Msimu mmoja tulikuwa na karafuu kavu shambani, na wingu la mvua limetanda. Pikapu ilikuwa moja, tela moja, na sote tulitaka kumaliza kwa safari moja. Tulijaza bodi, tukajaza tela, na magunia yaliyobaki tukayarundika mwisho kabisa wa tela, ndiko kulikokuwa na nafasi. Juu yake akapanda kijana mmoja ili kuyashika. Tela lile halikuwa na breki zake lenyewe.

Mlimani gari lilipanda vizuri, nasi tukafurahi. Mteremkoni dereva alikanyaga breki, akakanyaga tena. Mara tela likaanza kwenda huku na huku kama mkia wa samaki, likalivuta na gari. Lilipolala mtaroni, kijana yule alikuwa chini na mguu umevunjika. Magunia yalipasuka, mvua ikanyesha, na karafuu tulizoziokota zikaota ukungu.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kuwa hakufa mtu. Lakini kijana yule hakupanda mkarafuu msimu ule wala uliofuata, na kila mchumaji anajua maana yake nyumbani kwao. Baadhi ya watu walimlaumu dereva, wengine wakalilaumu gari. Sisi tuliopakia twajua kuwa gari lilikuwa zima na dereva ni hodari. Kosa lilikuwa letu, nalo lilikuwa kosa la hisabati.

PIMA MZIGO KWANZA

Basi, swali la kwanza si "gari gani?" bali "mzigo wangu ni kilo ngapi?" Twazipima karafuu zetu hata gramu ya mwisho tunapouza, lakini tunapozipakia hatuzipimi.

Karafuu zikianikwa hupoteza kiasi cha thuluthi mbili za uzito wake. Yaani kilo 3 za mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Kwa hiyo anayechukua mbichi kutoka mikarafuuni kwenda uwanja wa kuanikia anavuta uzito mara tatu kuliko atakaozipeleka zikiwa kavu kituoni. Makonyo yaendayo kiwanda cha mafuta cha Wawi hujaza tela mpaka juu, na kumbe uzito wake ni mdogo. Kinyume chake ni maji: lita 1 ni kilo 1, basi tangi la lita 1,000 ni tani nzima, na maji yasiyojaa tangi huenda mbele na nyuma kila gari linapofunga breki. Mchanga nao, mita moja ya ujazo hupita kilo 1,500. Wengi wetu hununua gari kwa ajili ya karafuu, kisha huliua kwa mchanga na matofali.

Andika mzigo wako mzito kuliko yote utakaouvuta kwa mwaka, na njia utakayopita. Karatasi hiyo ndiyo uende nayo kwa muuzaji.

KIBATI CHA GARI

Kila pikapu ina kibati au karatasi iliyobandikwa, aghalabu penye mlango wa dereva au ndani ya chumba cha injini, na ina kitabu chake. Humo mna hesabu tatu. Ya kwanza ni uzito mkubwa kabisa ambao gari lenyewe laruhusiwa kuwa nao pamoja na watu na vitu vyote vilivyomo. Ya pili ni uzito wa tela ambalo gari laweza kulivuta. Ya tatu ni jumla ya gari na tela pamoja. Wauzaji hupenda kuitaja ile ya pili tu, maana ndiyo kubwa ya kupendeza. Pikapu nyingi za leo, kama Toyota Hilux na Ford Ranger zivutazo kwa magurudumu manne, husifiwa katika nchi nyingi kuwa zavuta kilo 3,500. Lakini hesabu hizi tatu hazitimizwi zote kwa pamoja.

Tutoe mfano. Gari laruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 3,000. Likiwa tupu, na mafuta tangini, lina kilo 2,100. Zimebaki 900. Wapande dereva na wachumaji wanne, tuseme kilo 350. Zana na maji ya kunywa kilo 50. Zimebaki 500. Sasa fungeni tela la kilo 2,000. Tela lililopangwa vizuri huilalia shingo ya gari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 200, na hizo zahesabiwa kuwa mzigo wa gari. Zimebaki 300, ambazo ni magunia 6 ya kilo 50. Anayetia magunia 15 bodini amezidisha kilo 450, na gari halitamwambia neno.

Tena, ikiwa kibati chasema jumla ya gari na tela isipite kilo 5,800, basi gari hilo likijaa kilo zake 3,000 haliwezi tena kuvuta 3,500, bali 2,800. Hisabati ni ya kutoa tu, lakini yataka ifanywe nyumbani, kalamu mkononi, si barabarani.

SHINGO YA GARI

Uzito ule unaoilalia shingo ndio ulinzi mkubwa wa safari. Ukiwa mdogo mno, kama siku ile tuliporundika magunia mwisho wa tela, tela hunyanyua mkia wa gari na kuanza kuyumba. Ukiwa mkubwa mno, mkia wa gari hulala, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hausikii. Kama unavyomtunza ng'ombe: asikabwe, asipige magoti.

Kuupima si kazi. Mizani ya chini tunayopimia magunia yatosha, maadamu hesabu zake zafika uzito huo. Weka tela mahali pa tambarare likiwa limepakiwa, zuia magurudumu yake kwa mawe, kisha lalisha mkono wa tela juu ya gogo lililowekwa kwenye mizani, kwa urefu ule ule wa kufungia gari. Kwa tela la kilo 2,000 mizani isome kiasi cha 200. Ikisoma 60, sogeza magunia mbele. Ikisoma 400, yarudishe nyuma. Mzigo mzito daima uwe chini, na karibu na ekseli.

INJINI NA AINA ZA GARI

Sasa twaweza kusema juu ya magari yenyewe. Ile Land Cruiser ambayo watu huiita mkonga ni ya jamii iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, na pikapu yake ya 79 ilitoka mwaka 1999. Injini yake ijulikanayo sana kwetu ni ya dizeli ya lita 4.2, silinda 6, isiyo na tabo. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 285. Mwaka 2023 Toyota ilitangaza kwa jamii hiyo injini ya lita 2.8 na silinda 4, yenye tabo, ambayo kwa gia za kujibadilisha hutoa 500. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwa ukubwa wa injini: ndogo ya leo yaweza kuishinda kubwa ya jana.

Lakini kila moja ina dawa yake. Ile ya zamani ni ya polepole, na mafundi wetu wengi huifungua na kuifunga bila ya kompyuta. Mkanda wake wa ndani yafaa ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likienda, injini huharibika. Injini mpya huingiza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu membamba, na maji kidogo tu katika mafuta huziharibu nozeli kwa gharama kubwa. Mwenye kununua dizeli ya madumuni asinunue injini hiyo, au aiache desturi hiyo.

Wako wanaotamani yale magari makubwa ya Marekani, kama Ford F-250 na F-350, yanayovuta tani nyingi kuliko yote tuliyoyataja. Ni magari ya kazi kweli. Lakini upana wake ni kiasi cha mita 2 bila ya kuhesabu vioo, na usukani wake uko kushoto, hali sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara. Dereva akitaka kulipita gari jingine haoni kitu mpaka ameshatoka. Kwa njia zetu za shamba, baina ya migomba na mtaro, gari hilo litakuwa kama jahazi kwenye mkondo wa mikoko.

Mahali pa matope, magurudumu manne ya kuvuta ni lazima, pamoja na gia nzito za polepole. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa na vuli huteleza kama sabuni, na wakati huo ndio mara nyingi karafuu ziko mtini.

BREKI, MINYORORO NA MATAIRI

Nchi za Ulaya zimeweka sheria kuwa tela linalopita kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe. Sisi twawaomba wanachama waifuate hesabu hiyo hata pale ambapo hapana wa kuwakagua. Breki za pikapu zimetengenezwa kwa ajili ya pikapu. Ziko breki za tela zinazojifunga zenyewe tela linapoisukuma gari kwa nyuma, nazo ni rahisi kutunza. Ziko pia za umeme. Mwenye kununua gari la thamani kisha akachomelewa tela la chuma chakavu lisilo na breki, amejenga nyumba ya mawe na mlango wa makuti.

Angalieni pia tufe la chuma la kufungia tela na kikombe chake. Matufe haya hayalingani: liko la milimita 50, na liko la Marekani la inchi 1 na 7/8, ambalo ni karibu milimita 48. Tofauti hiyo hata jicho halioni, lakini kikombe cha 50 kikivishwa tufe dogo, siku ya shimo kubwa kitachomoka. Soma namba iliyopigwa juu ya tufe na juu ya kikombe. Kisha funga minyororo miwili kwa kuipishanisha chini ya mkono wa tela, ili kikombe kikichomoka mkono udakwe, usichimbe barabara.

Matairi nayo yana lugha yake. Ubavuni mna namba ya uzito: 104 maana yake tairi moja hubeba kilo 900, na 112 ni kilo 1,120. Mna pia tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na kumbe ni zee lililopasuka kwa jua. Na tairi la akiba la tela lisisahauliwe, maana mara nyingi halilingani na la gari.

UKINUNUA LILILOKWISHA TUMIKA

Magari mengi yatufikiayo yametumika kwingine. Yatokayo sehemu za theluji huwa yamepita katika barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu, na chumvi hula chesisi kutoka ndani. Rangi mpya inayong'aa chini ya gari si sifa. Ni jambo la kuuliza. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Chukueni nyundo ndogo mgongegonge chesisi, khasa juu ya ekseli ya nyuma na pale kilipofungwa kifaa cha kuvutia. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti ya gunia. Tazameni springi kama zimelala, na mjaribu klachi mlimani gari likiwa na mzigo, si uwanjani likiwa tupu.

PENYE MTEREMKO

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya kusimamisha huongezeka mara nne. Gari lendalo 80 lina kazi ya kuzuiwa mara nne kuliko lendalo 40, na hayo ni kabla ya kuhesabu tela. Basi tia gia ya chini kabla hujaanza kuteremka, injini ikuzuilie. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha ziachwe zipoe; mwenye kuegemeza mguu juu yake njia nzima huziunguza, na breki iliyoungua haishiki. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla wala usizungushe usukani kushindana nalo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, gari litulie lenyewe.

Kurudi nyuma na tela ni elimu nyingine. Mkia huenda kinyume cha usukani. Nendeni uwanja wa mpira siku ya mapumziko mjifunze na tela tupu. Na mtu asipande juu ya magunia, hata mmoja, hata kwa safari fupi. Kamba ndiyo kazi yake kushika mzigo.

KULIMILIKI

Siku ya kununua ni siku moja. Kumiliki ni miaka. Wekeni daftari ndani ya gari: kilomita, mafuta, oili, matairi, na mizigo. Mwisho wa mwaka mtaona gari limekula kiasi gani na limeleta kiasi gani. Beringi za tela zitiwe grisi kabla ya msimu. Mwenye kuteremsha tela pwani kuvuta chombo alioshe kwa maji matamu siku ile ile. Bima na karatasi za tela ziulizwe ofisini kabla ya safari ya kwanza.

Tena twasema wazi: si kila mwanachama anahitaji pikapu ya namna hii. Ambaye magunia yake humalizika kwa safari mbili tatu kwa msimu, ni nafuu kwake kukodi. Majirani watano wenye mashamba ya njia moja waweza kununua gari moja na tela jema lenye breki, wakaandikiana zamu, gharama, na nani atalipa likiharibika, mbele ya mashahidi. Gari la shirika lisiloandikwa huvunja ujirani kabla halijavunjika springi.

Kijana tuliyemtaja amepona, naye sasa ndiye anayesimamia upakiaji wetu. Kila tela linapotaka kuondoka yeye huja na mizani yake na kalamu sikioni, na hata mwenye gari hawezi kuwasha injini mpaka yeye amesema, "Haya." Hatujaona dereva aliyemkasirikia.

Twawatakia msimu wa kheri na safari za salama.